Kidonge kikishapita kooni

Haya ni maongezi niliyofanya na wanakikoba wenzangu hapa Tanga, Jumamosi moja baada ya kuhesabu hisa. Mwenyekiti alinipa dakika ishirini, mi nikala saa nzima na ushee. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, na pale watu walipodakia nimewaacha wadakie.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za saa hizi. Najua watu wana njaa na pilau linanukia huko nyuma kwa hiyo sitazunguka sana. Mnaniita dokta lakini mi sio dokta, mi ni mfamasia, kazi yangu ni kutoa dawa na kuuliza maswali ambayo wengi wenu mnayaona ya umbea, unameza dawa gani nyingine, unanyonyesha, jana ulikunywa pombe, mtu ananitazama moyoni anasema huyu dada na pombe yangu wapi na wapi. Basi leo ndo nataka mjue kwa nini nauliza.

Wiki iliyopita niliwaomba kila mtu aje na dawa zilizobaki nyumbani, zile za kwenye droo, za juu ya kabati, za kwenye kikombe kilichokatika mkono. Kapu lenyewe hili hapa, limejaa jamani mpaka limeshindwa kufunga. Sijaandaa hotuba, nitakuwa nachomoa tu, kitakachotoka ndo tunakiongelea.

Haya, cha kwanza mseto wa malaria. Pakiti ya mtu mzima ina vidonge 24, vinne vinne mara sita, hapa naona vimebaki 8. Sitauliza ni ya nani (kuna mtu huku kushoto ameshaanza kucheka). Vinane ni dozi mbili, yaani huyu bwana siku ya tatu yote hakumeza, na mi najua kwa nini, siku ya pili jioni homa ilikuwa imeshuka, kala, kaoga, akaona za nini tena. Sasa ule unaitwa mseto kwa sababu ndani ya kidonge kimoja kuna dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza artemeta, hiyo ni ya mbio, inapiga wadudu kwa fujo lakini haikai, kila baada ya masaa mawili matatu nusu yake imeshaondoka mwilini. Ya pili lumefantrini, hiyo ni ya taratibu, inakaa siku kadhaa, kazi yake ni kumalizia wale wachache waliojificha. Ulivyopata nafuu siku ya pili ile ni kazi ya artemeta, mmalizaji ulikuwa hujamjaza bado, ukamkatisha njiani.

Halafu lumefantrini ina kitu kingine, inapenda mafuta. Watu wazima wenye afya walipopimwa, walioimeza na mlo wenye mafuta iliingia kwenye damu yao mara 16 zaidi kuliko walioimeza tumbo likiwa tupu. Mara kumi na sita! Kidonge ni kile kile, hela ni ile ile. Mgonjwa hana hamu ya kula naelewa, lakini kikombe cha maziwa, andazi, vijiko viwili vitatu vya wali wa nazi, mlazimishe. Na ile dozi ya pili ni baada ya masaa 8, ukianza saa 2 asubuhi inayofuata ni saa 10 jioni, usingoje usiku, kuanzia kesho yake ndo inakuwa asubuhi na jioni.

Kwa hiyo kumeza ni jambo moja na dawa kuingia kwenye damu ni jambo lingine. Hapa katikati pana makato. Mnajua ukimtumia mtu hela kwa simu, wewe umetuma elfu kumi, yeye akienda kutoa kwa wakala mkononi haifiki elfu kumi, imekatwa huku imekatwa kule. Kidonge kikishapita kooni kinaenda tumboni, kinasagika, kinaingia utumbo mdogo, pale ndo dawa nyingi zinafyonzwa, lakini ile damu ya kutoka utumboni haiendi moja kwa moja kwenye mguu unaouma, inapitishwa kwanza kwenye ini. Ini linakagua kila kitu, halijui kama hii ni dawa au sumu au pilipili, lenyewe kila kigeni linakikatakata kwa vimeng'enya vyake. Kuna dawa inapita pale karibu nzima na kuna dawa inakatwa vibaya sana. Mofini, ile ya maumivu makali ya wagonjwa wa kansa, ukiinywa kwa mdomo kinachofika kwenye damu ni kama theluthi tu. Ndo maana dozi ya kunywa na dozi ya sindano hazilingani hata siku moja. Na kuna wagonjwa wa moyo wana kidonge cha kuweka chini ya ulimi, hakimezwi, kwa sababu kikipita kwenye ini kinakwisha karibu chote, pale chini ya ulimi kuna njia ya panya, kinaingia kwenye damu bila kupita kwa mkaguzi.

Lakini msije mkanigeuza maneno mkasema dokta kasema sindano ndo dawa. Hilo nalisikia kila siku dukani, "nichome tu vidonge havinisaidii." Metronidazoli kwa mfano, hizi za kuharisha zinazoacha mdomo una ladha ya chuma, ukimeza inaingia karibu yote, ukiwekewa ya dripu unalipia chupa na mpira na plasta lakini kwenye damu tofauti ni ndogo. Ya dripu ni ya mtu anayetapika au asiyeweza kumeza au aliyezidiwa. Wengine tunanunua maumivu kwa hela yetu wenyewe.

Haya tuendelee. Hizi amoksi zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, sijui hata zimeisha muda lini. Amoksi, mwili wako ukiwa mzima, inapungua nusu kila baada ya saa moja hivi. Hesabuni wenyewe, saa ya kwanza imebaki nusu, ya pili robo, ya tatu nusu ya robo, ikifika saa ya 8 kilichobaki ni cha kutafuta kwa tochi. Ndo maana tunaandika moja mara tatu, na mara tatu maana yake ni kila baada ya masaa 8. Watu wetu wanameza na chai ya asubuhi, wanameza na chakula cha mchana, wanameza magharibi, halafu mpaka kesho yake asubuhi. Hapo mchana bakteria anapigwa mfululizo, usiku kucha anapumzika masaa kumi na mbili, anajenga upya. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, haina ugumu, mwenye simu aweke alamu.

Na zinaenda wapi? Amoksi nyingi inatoka na mkojo. Ngoja niwape kisa, hiki huwa nakipenda. Mwaka 1941 huko Oxford, Uingereza, kulikuwa na polisi anaitwa Albert Alexander, alipata maambukizi yakamtapakaa uso, kichwa, mpaka mapafu, usaha kila mahali, jicho moja lilikuwa limeshatolewa. Tarehe 12 Februari wakaanza kumchoma pensilini, wakati huo bado ni kitu cha maabara tu, iliyokuwepo ni kiduchu, imetengenezwa kwa tabu. Siku chache tu homa ikashuka, akaanza kuomba chakula. Shida ikawa dawa inaisha na kiwanda hakuna. Sasa pensilini figo zinaitupa nje mbio mno, nusu yake inaondoka ndani ya nusu saa hivi, na inatoka nzima, haijavunjwavunjwa. Wale wataalamu wakafanya nini, wakawa wanakusanya mkojo wake wanaupeleka maabara, wanaichuja ile pensilini, wanarudi kumchoma tena. (Mama mmoja: "Mkojo wake mwenyewe?" Ndio mama, wake mwenyewe, sio wa jirani.) Lakini kila mzunguko kinapotea kidogo, baada ya siku kama tano hakikubaki kitu. Akarudi nyuma, na tarehe 15 Machi akafariki. Dawa ilikuwa inafanya kazi, tatizo lilikuwa figo zake ni nzima na zinafanya kazi yake kwa bidii.

Figo zenu mbili zinachuja kama lita 180 kwa siku. Mapipa mawili madogo hayo! Karibu zote zinarudishwa mwilini, unakojoa lita moja na nusu au mbili, na humo ndo dawa na mabaki ya dawa yanatokea. Baadaye watu wakapata ujanja wa kuichelewesha pensilini, kuna ile sindano nzito ya nyeupe ya kwenye makalio, kila mwenye mtoto mwenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi anaijua, inachomwa kila baada ya wiki 3 au 4. Ni pensilini ile ile, imefungwa kwenye umbo ambalo linayeyuka polepole ndani ya msuli. Maumivu yake mtoto hayasahau, lakini hiyo ndo siri ya kukaa mwezi.

Mzee mmoja hapa akadakia, "Sasa klorokwini je, mbona ile tulikuwa tunawashwa wiki nzima?" Mzee wangu umenikumbusha mbali. Wadogo hawaijui hii, enzi hizo ukipata malaria unameza klorokwini halafu unajikuna mpaka unatamani ukuta wa chokaa. Klorokwini ni kinyume cha pensilini, haikai sana kwenye damu, inajichimbia kwenye viungo, kwenye ini, kwenye ngozi, halafu inatoka taratibu, kuondoka nusu yake ni zaidi ya mwezi. Hata mwezi uliofuata ulikuwa bado nayo kidogo, kidogo kisichoua mdudu ila kinamfundisha kuizoea. Haikuwa sababu pekee lakini ilichangia, mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikaenda kwenye SP, dawa nyingine ya malaria, na 2006 ikaja mseto.

Panadol nitaenda haraka. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya masaa 24. Tatizo watu wanameza Panadol mbili, halafu wanameza na dawa ya mafua mbili, hawajui ndani ya ile ya mafua kuna parasetamoli ile ile. Ini lina njia kubwa za kuisafisha ambazo hazina madhara, ila sehemu ndogo inapita njia nyingine na kugeuka sumu, kwa kawaida ini lina kinga ya kuizima ile sumu hapo hapo. Ukizidisha, kinga inaisha, sumu inaanza kula ini lenyewe. Ubaya wake siku ya kwanza unaweza ukajiona mzima, kichefuchefu tu, siku ya tatu macho ya njano. Akimeza mtu nyingi, hata kama anacheka na anaongea, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, dawa ya kumwokoa ipo na inafanya vizuri zaidi ndani ya masaa 8 ya mwanzo. Msingoje aumwe.

Vijana wa boda mmekaa nyuma huko nawaona. Pombe nayo ni dawa kwa maana ya kwamba ini linaihangaikia vile vile, lakini ina tabia yake. Dawa nyingi zikizidi kwenye damu na mwili unaongeza kasi ya kuzitoa, pombe hapana, ini lina mwendo wake mmoja, gramu 7 mpaka 10 kwa saa, iwe umekunywa chupa moja au kreti. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20. Kwa hiyo bia moja ni masaa mawili mpaka matatu. Mtu kaanza saa 2 usiku kanywa tano, hizo ni gramu 100, masaa kumi kwa ini la mbio, masaa kumi na nne kwa ini la taratibu. Saa 12 asubuhi unawasha pikipiki unapakia mwanafunzi, ini ndo kwanza linamalizia na kwa mwingine bado kabisa. (Wakasema kahawa chungu. Wakasema maji ya baridi kichwani. Wakasema supu.) Hakuna kinachoongeza mwendo, jamani, kahawa itakufanya mlevi ambaye yuko macho, basi.

Hiki sasa kimenifurahisha kukiona humu na kimenisikitisha pia, vidonge vya TB. Nimeviweka pembeni, mwenyewe tutaongea baadaye wawili. Ndani yake kuna rifampisini, hii ndo inayofanya mkojo uwe rangi ya chungwa, jasho, hata machozi, usiogope ni rangi tu. Kisichoonekana kwa macho ndo kikubwa. Rifampisini inalifanya ini liongeze wafanyakazi, vile vimeng'enya vinazidi kuwa vingi, baada ya wiki mbili hivi ini linakuwa kama ofisi iliyoajiri wakaguzi mara mbili. Na wale wakaguzi hawaangalii rifampisini peke yake, wanakatakata na dawa nyingine zinazopita njia hiyo. Vidonge vya uzazi wa mpango vinakatwa, vijiti vya mkononi vinakatwa. Kuna dada alinijia dukani amekasirika kweli, ana kijiti mkononi cha mwaka mmoja tu na kipimo cha mimba kina mistari miwili, anasema wamemwekea kibovu. Nikamuuliza unatumia dawa gani, akasema hakuna, nikamuuliza mkojo wako una rangi gani. Akanyamaza. Alikuwa mwezi wa tatu wa TB, hakuna aliyemuunganishia hayo mawili, na yeye hakujua kama yanahusiana, angejuaje? Sindano ya miezi mitatu ndo haisumbuliwi sana, au kitanzi cha madini ya shaba, au kondomu. Na anayemeza dolutegraviri ya HIV akipata TB, wanamwongezea, badala ya kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku anameza asubuhi na jioni, sababu ni hiyo hiyo. Ukimaliza rifampisini wale wakaguzi hawaondoki siku hiyo, wanakaa kama wiki mbili zaidi.

Sasa nikiuliza unatumia dawa gani nyingine, ndo nauliza hiyo.

Kuna dawa ya maji ya kikohozi hapa yenye kodeini, chupa iko nusu. Kodeini yenyewe ni kama haina nguvu, inageuzwa na ini kuwa mofini ndo inafanya kazi, na watu hatulingani kwenye kuigeuza. Wapo ambao ini lao haliigeuzi kabisa, wanameza wee maumivu yako pale pale, wapo wanaoigeuza kwa kasi ya ajabu. Mtafiti Eleni Aklillu na wenzake mwaka 1996 walionyesha kwamba Waethiopia kama 29 kati ya 100 wamezaliwa na nakala za ziada za ile jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuigeuza kodeini. Mtu kama huyo kijiko chako wewe kwake ni vijiko, na akiwa ni mtoto pumzi inaweza kupungua mpaka ikasimama. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017 ilisema watoto chini ya miaka 12 wasipewe kabisa. Na mama anayenyonyesha asiiguse, maana ile mofini inapita kwenye maziwa. Hii chupa hairudi nyumbani kwa mtu leo.

Haya. Hii nilikuwa nataka isitoke lakini imetoka, diklofenaki. Hii nitaisema taratibu kwa sababu inanihusu.

Nilikuwa mwaka wa pili tu kazini, najiona najua kila kitu. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na miaka 68, ana presha, anameza vidonge viwili vya presha, kimojawapo ni kile cha kukojosha. Goti likawa linamsumbua, hawezi kukaa tahiyatu anaswalia kwenye kiti, inamuuma moyo kuliko goti lenyewe. Nikampa diklofenaki. Akanipigia simu kesho yake, "Mwanangu dawa yako kiboko, leo nimesujudu." Mi nikavimba kichwa. Nikampa tena, na tena, mwezi mzima, hata sikumuuliza za presha bado unameza au vipi, niliona ni mjomba, najua maisha yake. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta kavua soksi, alama ya soksi imeingia kwenye mguu kama kamba, nikabonyeza kidole pale juu ya kifundo, shimo likabaki. Presha ilikuwa imepanda juu kuliko kabla hajaanza dawa. Tukampeleka kupimwa damu, kreatinini imepanda, yaani figo hazitoi taka kama zamani.

Kilichotokea ni hiki. Figo ya mzee inategemea kemikali fulani ya mwilini kuuacha mshipa wake wazi ili damu iingie ichujwe. Diklofenaki inazima maumivu kwa kuzima kemikali hiyo hiyo. Kijana mzima haimdhuru sana kwa siku chache, ana akiba. Lakini kuanzia miaka arobaini hivi figo zetu zinapungua uwezo kidogo kidogo, ukichanganya umri, na dawa ya kukojosha inayopunguza maji, na baadhi ya dawa za presha zinazolegeza mshipa wa kutokea, halafu ukaja na diklofenaki ukabana mshipa wa kuingilia, figo inabaki kavu. Tukaisimamisha, uvimbe ukaisha baada ya wiki kadhaa, kreatinini ikashuka, ila haikurudi pale ilipokuwa. Mjomba hakunisema hata neno moja. Mama yangu ndo alinisema, kwa mwaka mzima.

Tangu hapo mzee akija dukani anataka ya goti, mi namuuliza mpaka anachoka na kuondoka, anakwenda duka la pili anapewa bila swali. Sina la kufanya. Angalau nyie leo mmesikia.

Nilikuwa nimeshaanza kurudisha vitu kapuni pale Bibi alipoinua mkono, wote tunamwita Bibi hapa, nikampa mkeka aongee akiwa amekaa. Akasema, "Mwanangu mie changu sikukiweka kwenye kapu kwa sababu bado nakimeza." Akafungua fundo la kanga, ni nifedipini ya presha, imepangwa vizuri, haijarukwa hata siku. Akasema tatizo lake ni siku hizi akimeza asubuhi uso unakuwa wa moto na kichwa kinamzunguka, mpaka ashike ukuta. Nikamuuliza Bibi unameza na nini? "Na maji ya danzi. Wajukuu wamenikatazia soda."

Ikabidi niwaambie watu wakae tena. Mwaka 1989 huko Canada, kwenye mji unaitwa London lakini sio ule wa Uingereza, mtafiti anaitwa David Bailey na wenzake walikuwa wanapima pombe na dawa ya presha inayoitwa felodipini, ni ndugu yake hii ya Bibi. Ili watu wasijue nani kapewa pombe na nani hajapewa, wakaficha ladha kwa maji ya balungi. Dawa ikaonekana imejaa kwenye damu za watu kupita kiasi, pombe au bila pombe. Kumbe ni balungi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna wakaguzi wale wale wa aina ya kwenye ini, na balungi linawaua, sio kuwalaza, linawaua, mpaka mwili utengeneze wengine na hiyo ni siku moja mpaka tatu. Kwa hiyo hata ukinywa balungi usiku na dawa ukameza asubuhi haisaidii, mlango bado hauna mlinzi na makato hayapo, dawa inaingia zaidi ya ile aliyokusudia dokta. Danzi nalo lina vitu vile vile. Chungwa letu la kawaida la Muheza halina shida, kuleni.

Bibi akafikiri kidogo. "Kwa hiyo niache danzi au niache dawa?"

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikamwambia danzi Bibi, dawa usiiguse, meza na maji, na Jumatatu mjukuu akulete tukupime presha kwa siku kadhaa, maana inawezekana danzi likitoka ile dozi ikaonekana ndogo, hapo dokta wako ndo ataamua, sio mimi wala wewe. Akakubali. Akafunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga, akavuta fundo kwa meno, halafu akaniuliza polepole kama anaulizia siri, na kwenye samaki je, akikamulia kidogo tu?

Nikamwambia Bibi, kwenye samaki weka ukwaju.